Walikuandika Mkulima, Mama

Mama mkwe wangu, Mama yangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, na aliyekuwa akinituliza ni wewe, kwa hiyo nivumilie.

Siku tunakuzika hapa Ruponda, mwanao Damasi alisoma wasifu wako mbele ya padri na watu wote. Jina, ubatizo wako kule Mnero, mtoto mmoja. Kisha: "Marehemu alikuwa mkulima." Mkulima! Wewe ambaye jembe ulilishika kwa kununa? Mboga za msiba wenyewe zilichemka kwenye vyungu vyako! Jioni nikamuuliza mume wangu kwa nini hakuandika mfinyanzi. Akanishangaa. "Ile nayo kazi? Mama alikuwa anajishughulisha tu."

Nikarudi kuosha vyungu, msiba ni msiba.

Sasa ngoja nikueleze yaliyofuata. Mwezi uliopita niliitwa Ruangwa kwenye maonyesho ya akina mama. Nikabeba vyungu sita. Kufika, viwili wakavitia maua ya plastiki, vinne wakavisukuma chini ya meza. Dada mmoja mwenye kipaza sauti akaniambia, "Bibi, tufinyangie kimoja hapa, dakika tano tu, wageni wapige picha." Dakika tano, jamani! Mwaka wangu wa kwanza kwako hukuniruhusu kufinyanga hata kikombe. Nilikanda udongo tu. Wewe unachukua kidogo, unautafuna kwa meno ya mbele, unatema: "Bado." Siku uliyosema "haya" nililia kama mtoto. Nikamwambia yule dada chungu si chai. Akacheka. Asiyejua maana haambiwi maana, nikafunga vyangu nikaondoka.

Kurudi nyumbani ndipo nikachanganyikiwa. Bondeni kwako, pale tunapochimba udongo wa vyungu, nimekuta mafundi wanafyatua matofali! Shimo limefika kiunoni. Na Damasi anatabasamu, Mama, anangoja nimsifu. Eti matofali ya kujengea kaburi lako kabla ya misa ya mwaka. "Udongo wa Mama ni laini, utafaa."

Anakupenda, hilo silikatai. Lakini udongo ule uko pale tu. Wewe mwenyewe ulizunguka mpaka Kilimarondo ukitafuta mwingine, ukarudi na miguu imevimba na kikapu kitupu. Ukiisha, mimi nafinyanga nini? Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Yeye ananijibu taratibu, kama anambembeleza mgonjwa: "Mke wangu, udongo ni udongo. Utachota mwingine mtoni." Wiki nzima sikumsemesha, na chakula nilimpikia kwenye sufuria.

Juzi matofali yakakauka. Yote yakapasuka, Mama. Yote! Udongo wako ukiachwa peke yake unajikaza ukikauka, unapasuka. Ndiyo maana tunatwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika, tunachekecha, tunachanganya. Mjukuu wako Jeni anajua hilo. Mafundi walitazama, wakasema udongo ni mbovu, wakachukua vibao vyao wakaenda zao. Mbovu! Huo uliopikia nusu ya Nachingwea!

Jana Damasi akaja jikoni na kipande cha tofali mkononi. Akakaa kwenye kigoda chako. Akakigeuzageuza kile kipande, halafu akasema, "Mama Jeni, hivi Mama alikuwa anauchanganya na nini?"

Nilitaka kumcheka. Nilikuwa na maneno ya kumchoma, nimeyapanga wiki nzima. Sikuweza. Mtu mzima wa miaka hamsini, amekunywa maji ya mitungi yako tangu aache ziwa, amelala chumba kimoja na vyungu vinavyokauka, na hajawahi kukuuliza. Na wewe ulikuwa unangoja. Najua, kwa sababu siku moja ulikuwa unasugua chungu kwa gunzi la mahindi, hukuniangalia, ukasema, "Mtu angeniuliza tu, ningemwambia."

Ameuliza, Mama. Kaja kuuliza wakati huwezi kumjibu.

Basi nimemjibu mimi. Nimemwambia na jambo jingine ambalo hakulijua: matofali ambayo hayajachomwa, ukiyaloweka, yanarudi kuwa udongo. Alinitazama kama vile nimemfufua mtu. Leo tangu asubuhi anayabeba kichwani kuyarudisha shimoni, mawili mawili, na mgongo unamuuma, na mimi simsaidii. Kaburi lako litangoja saruji, utatusamehe.

Lala salama, Mama. Akimaliza kubeba ataanza kukanda, na nakuahidi hatafinyanga hata kikombe kabla sijaridhika.

Mkweo,
Mama Jeni