Harufu Katika Gari la Mzee Obeid

Nakuru, 18 Februari 1957

Kwa binti yangu Mastura,

Salamu zikufikie wewe, mumeo Ishak na watoto huko Ndabibi. Mimi ni mzima. Mvua bado, na vumbi la ziwa linaingia mpaka kwenye chai.

Gari lina shida. Abiria wanasema linanuka petroli. Juzi nilikuwa nampeleka Mwalimu Khaemba Njoro. Hata hatujafika nusu ya njia akasema, "Mzee Obeid, hii ni teksi au debe la petroli? Nishushe, nitatembea." Akashuka kweli. Nimebadilisha mpira wa bomba, nimekaza kabureta, na bado wanalalamika. Wewe ulikulia chini ya magari yangu. Unafikiri ni nini? Nikikosa abiria nakosa kazi, na tangu mama yako afariki hao ndio watu ninaoongea nao.

Ni mimi baba yako,
Obeid


Ndabibi, 23 Februari 1957

Baba, shikamoo.

Sisi hatujambo. Mdogo ameota jino na anatuuma sote. Ishak anakusalimu kutoka dukani.

Kuhusu gari, nijibu haya. Harufu inakuja likiwa limesimama au likienda? Ni petroli mbichi au iliyoungua? Inazidi tangi likijaa? Ukiifuata kwa pua, inakupeleka mbele kwenye injini au nyuma? Ulinifundisha mwenyewe: pua kwanza, spana baadaye.

Binti yako,
Mastura


Nakuru, 28 Februari 1957

Kwa binti yangu Mastura,

Nimefurahi kusikia habari za jino. Afya yangu ni ile ile.

Khaemba alisema ni mbichi. Chepkemoi, yule muuza maziwa, alikaa kiti cha nyuma, akafunga pua kwa leso kutoka stesheni mpaka Bondeni. Akasema inatoka nyuma, chini ya makalio yake. Malalamiko yanazidi siku nikijaza tangi. Likiwa limesimama, sijui.

Baba yako,
Obeid


Ndabibi, 5 Machi 1957

Baba, shikamoo. Watoto ni wazima.

Nimesoma barua yako mara tatu. Nilikuuliza wewe unasikia harufu gani, umenijibu wanayosikia Khaemba na Chepkemoi. Likiwa limesimama na hakuna abiria, hujui. Baba, wewe mwenyewe huisikii? Niambie kweli, usinizungushe.

Kama inatoka nyuma na inazidi tangi likijaa, basi tangi lenyewe linavuja. Acha kuliendesha kwanza.

Binti yako,
Mastura


Nakuru, 12 Machi 1957

Kwa binti yangu Mastura,

Nawasalimu wote. Ni kweli. Tangu ile homa ya Novemba sisikii harufu yoyote. Kitunguu, sabuni, moshi, kwangu vyote ni sawa na maji. Sikukuambia kwa sababu ungesema nihamie kwenu. Nitafanya nini Ndabibi, kupima sukari dukani?

Nimetafuta kwa macho. Mfanyakazi mmoja wa mgodi wa Kariandusi alinipa mfuko wa ule unga mweupe wanaouchimba, unaofyonza chochote kilicho majimaji. Nililifuta tangi kwa nje, nikalikausha, nikalipaka unga, nikavuta kigoda. Baada ya nusu saa likatokea doa la kijivu chini ya mkanda unaoshika tangi. Ni ufa, urefu wake kama ukucha. Nimelishusha tangi, nimemwaga petroli, nimelisuuza kwa maji. Jumatatu tarehe 18 nitalilehemu.

Baba yako,
Obeid


Nakuru, Jumapili 17 Machi 1957
(mezani kwako)

Baba, shikamoo.

Nimekuja. Barua yako ilifika jana, na jibu langu lisingekuwahi. Jirani yako Micah ameniambia umekwenda mazikoni Molo na utarudi jioni. Treni yangu ni saa tisa. Mdogo bado ananyonya na nimemwacha kwa watu, kwa hiyo siwezi kulala.

Tangi bado lilikuwa na mvuke wa petroli. Niliinama kwenye mdomo wake, macho yakanitoka machozi. Ungelipelekea moto kesho, barua ya habari zako ningeandikiwa na Micah. Zamani hukulehemu tangi bila kulinusa, hata siku moja. Safari hii ulitaka kunusa kwa pua ya nani?

Nimelisuuza kwa maji moto na sabuni mara nne, na kila mara nimenusa. Mara ya nne halikuwa na harufu. Nimeligeuza ufa ukae juu, nikalijaza maji. Kesho yapunguze kidogo tu, ufa ubaki mkavu, ulehemu maji yakiwa ndani.

Mashati yako yaliyotundikwa karibu na jiko yalinuka petroli. Nimeyafua. Nyama ya sufuriani imeoza, nimeitupa. Nimekupikia pilau, na moto niliuzima kabla ya kugusa tangi.

Nimekungoja mpaka saa nane na nusu.

Binti yako,
Mastura


Nakuru, 19 Machi 1957

Kwa binti yangu Mastura,

Ulifika salama? Mtoto alilia sana?

Nimelehemu jana, kama ulivyoandika. Nikajaza petroli, nikapaka unga tena, nikangoja saa nzima. Hakuna doa. Leo nimebeba abiria sita na hakuna aliyeteremsha kioo.

Kuanzia sasa kabla ya kuwasha jiko nitamwita Micah aingie kwanza anuse. Nimemweleza sababu. Alicheka, kisha akaacha kucheka.

Jumapili niliposhuka kwenye lori la Molo, huyo Micah alinifuata mpaka katikati ya barabara. "Mzee, umeoa kimya kimya? Mtaa mzima unanukia pilau!" Nikamwambia sijaoa. Nilipoingia na kusoma, treni yako ilikuwa imeondoka saa tatu zilizopita. Nikafunua sufuria, nikainama juu yake kama ulivyoinama kwenye tangi. Nikavuta pumzi mara kadhaa. Sikupata kitu.

Nilikula. Chumvi ilitosha.

Baba yako,
Obeid