Kwa Wifi Eufrasia, Fundi wa Magauni na wa Hadithi za Kuchekesha

Mwaka umetimia, wifi, tangu Jumatano ile ya Juma Kuu, tarehe 16 Aprili 2025, ulipotutoka hapa nyumbani Gungu. Anayekuandikia kwa niaba ya familia ni mimi Agnesi, mjane wa kaka yako Feliksi. Shule yangu ni darasa la saba, mwenye kalamu ulikuwa wewe. Utanivumilia.

Wengi walikujua kwa magauni. Waliokujua zaidi walilijua daftari kubwa ulilolilaza chini ya cherehani. Mama akija kupima, ulimsomea kipande cha hadithi, ukakatisha pale patamu, ukamwambia gauni bado, aje Jumamosi. Na Jumamosi alikuja. Gauni lenyewe lilikuwa limekwisha tangu Alhamisi, nimelipiga pasi mimi mwenyewe, nikanyamaza.

Zilikuwa hadithi za mapenzi za kuwachekesha akina mama, hazina matusi. Ya mwisho ni ile ya Recho, muuza dagaa wa Katonga, na Leodgar aliyeazima koti akaenda kumposa kule kule mwaloni, boti za dagaa zinakotua, akateleza kwenye boti akatumbukia mbele ya mama mkwe. Recho akamwambia, "Kwanza toa koti la watu majini, halafu ndiyo tuongee." Siku uliposoma hapo, Mama Bonaventura alikuwa amevaa gauni lenye pini mwili mzima. Alicheka huku analia, pini zinamchoma, anasema endelea.

Hukuolewa, wifi, lakini mambo ya ndoa uliyaandika kuliko sisi tulioolewa. Ulipokwama uliniuliza mimi.

"Wifi, kaka alipokuja kukuposa alisema nini?"

"Alileta migebuka miwili."

"Mimi nimeuliza maneno, wewe unanipa samaki."

"Basi andika samaki."

Ulikuwa mtu wa sala. Misa ya asubuhi hukuikosa, ingawa mara nyingine nilikuona midomo inacheza nikajua hiyo si rozari, ni Recho anamsema Leodgar. Nilikufinya. Ulicheka kwa mabega tu, kwa heshima ya mahali.

Sheria ya Kwaresima niliiweka mimi baada ya kumzika kaka yako: siku arobaini nyumba hii haisomi wala kusikiliza hadithi. Ulikubali, kisha ukaigeuza ikawa mchezo wako. Kila Jumatano ya Majivu uliwaacha wapenzi wamenuniana, wateja wakafunga na hasira zao mpaka Jumatatu ya Pasaka, wakaja na masufuria ya pilau kusikia kama wamepatana.

Mwaka jana ulimwacha Recho amemfungia Leodgar mlango. Presha ikakushika Kwaresima katikati. Jumatatu ya Juma Kuu, mchana, uliniita kitandani.

"Wifi, nina neno la hadithi."

"Subiri Pasaka."

"Ni dogo tu."

"Eufrasia, siku sita tu zimebaki. Subiri."

Ulisema, "Haya." Ukageukia ukutani. Jumatano asubuhi nilikuletea uji, nikakukuta umeshakwenda.

Mwaka mzima nimeamini nilikunyima kunisomea mwisho. Nimeungama. Padre alisema si dhambi, lakini padre haishi humu ndani. Akina mama waliuliza Recho aliishia wapi, nikawaambia sijui, na daftari sikuligusa. Jioni nakula peke yangu, redio nawasha ili pawe na mtu anayeongea.

Pasaka hii nimelifungua. Mwisho haumo, wifi. Umeandika: "Recho akafungua mlango kidogo. Leodgar akasema," halafu umeacha mistari mitatu mitupu. Pembeni, kwa penseli: "Muulize wifi. Kaka alirudije siku ile?"

Kumbe hukutaka kunisomea. Ulitaka kuniuliza.

Basi nakujibu. Ile mara tuliyogombana akahamia kwa mama yenu, alirudi siku ya tatu. Nilifungua mlango kidogo. Akasema, "Agnesi, kwa mama nalala vizuri, nakula vizuri, lakini hakuna anayenigombeza." Nilicheka kabla sijaamua kumsamehe. Sikuwahi kumwambia mtu. Niliona aibu, nikidhani ni maneno madogo sana.

Nimeyaandika kwenye mistari yako mitatu. Yametosha. Alhamisi hii, tarehe 16 Aprili, baada ya misa yako ya jioni, akina mama watakuja nyumbani na nitawasomea mimi, polepole, maana mwandiko wako una haraka. Nimejaribu kwa sauti sebuleni. Pale pa kuchekea nilingoja kidogo, kama ulivyokuwa ukingoja wewe.

Unakumbukwa na mdogo wako Pastory na mkewe, walioko Kasulu. Watoto wa kaka yako, Bariki na Happiness. Jumuiya ndogo ndogo yako. Wateja wako wote wa Gungu na Katonga. Na mimi wifi yako.

Pumzika kwa amani, Eufrasia. Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu.