Mawaridi ya Mama Yamepona

S.L.P. 61,
Nkubu, Meru.
11 Oktoba 1998.

Dada mpendwa Mukiri,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Hujambo wewe, na shemeji Ngari, na watoto? Huko Kitale mvua inanyesha vizuri? Sisi tu wazima, hata Baba, na habari zake ndizo zimenifanya nishike kalamu.

Mwezi wa saba, wakati wa baridi na ukungu, mawaridi aliyopanda Mama mbele ya nyumba yaliingia madoa meupe. Yalianza kwenye majani machanga, yakapanda hadi kwenye vichipukizi. Majani yakajikunja, na matumba yakakauka bila kufunguka.

Jirani yetu Njuki alikuja, akatazama, akamwambia Baba, "Ng'oa yote uchome, kabla hujaniambukizia shamba." Baba aliingia ndani, na tangu siku hiyo akawa haketi tena pale nje kwenye mawaridi. Nilipompelekea chai aliniambia, "Gacheri, mama yenu aliniachia kitu kimoja tu nimtunzie, nacho kimenishinda." Dada, niliumia sana.

Lakini unajua nilifanya kazi miaka mitatu kwenye shamba la maua kule Timau. Ugonjwa huo naufahamu. Nilipangusa jani kwa kidole gumba, ule weupe ukatoka kama unga wa ngano. Nikageuza majani, nikachunguza vifundo vya matawi: hakuna vidonge kama pamba, hakuna utomvu unaonata, hakuna sisimizi wanaopanda. Basi si wadudu. Ni ubwiri unga, kuvu inayopenda kivuli na mahali hewa haipiti. Na pale hewa ingepitia wapi? Tangu tumzike Mama, Baba hakuruhusu mtu yeyote aguse mawaridi yale kwa kisu. Yalikuwa yamesongamana kama kichaka, na mparachichi umeyafunika.

Nilipomwambia ni lazima tukate, alikataa.

"Ukikata, kutabaki nini?"

"Mashina yatabaki, Baba. Mama mwenyewe alikuwa akiyakata kila Agosti, nawe ukimlalamikia kwamba anayamaliza."

Akacheka kidogo. "Nililalamika kweli," akasema. "Lete hayo makasi. Wewe utayakata kama majani ya ng'ombe."

Alikata mwenyewe, tawi moja moja, asubuhi nzima. Yaliyougua tukayachoma, na matawi mawili ya mparachichi tukayapunguza jua liingie. Halafu nikachanganya kikombe kimoja cha maziwa na vikombe tisa vya maji, nikanyunyizia majani juu na chini. "Maziwa ya watoto unamwagia miti?" Baba akaniuliza. Nikamwambia angoje aone. Nilirudia kila Jumatatu asubuhi, jua likiwa limetoka, kwa wiki sita.

Shina moja la karibu na uzio lilikufa, sitakuficha. Mengine saba yametoa majani mapya, mekundu na safi kabisa. Njuki ameshaomba vipandikizi viwili, na Baba amempa, ila kwanza alimfundisha dakika kumi nzima namna ya kuyapunguza.

Jumapili iliyopita Baba alivaa koti lake jeusi, akakata ua la kwanza kufunguka, akaja nasi kanisani. Hakuwa amekanyaga kanisa tangu mazishi. Alilishika mkononi ibada yote. Tuliporudi nyumbani alienda kaburini peke yake, akakaa huko mpaka chakula kikapoa, na hakuna aliyemwita.

Nisalimie shemeji, na Wanja wenu umwambie nimepokea picha yake ya shule. Lydiah wangu anawasalimu. Mungu awafunike nyote na awalete salama Desemba. Baba anasema mkija msinunue maua ya kaburi mjini, ya nyumbani yatatosha.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye daima,
Gacheri