Kifurushi cha Nyuzi za Gitaa

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Kabla hujatoka, hakikisha bibi amekunywa dawa ya presha, hata akikuapia kwamba ameshakunywa.

Kifurushi chako kimefika asubuhi hii ukiwa umelala. Aliyekileta alinitania mlangoni: "Mzee, una duka la magitaa, halafu nyumbani kwako wananunua nyuzi mtandaoni?" Nikacheka naye, lakini iliniuma. ~~Ungesema tu kwamba duka langu halikufai.~~ Samahani, hilo nimelikata.

Nilimwamsha mama yako kwa hasira. Ndipo akaniambia ulichomwambia: kwamba kila ukiniomba nyuzi nakupa bure, na ukiona wateja walivyopungua unaona haya kuniomba tena. Nimechoka, mwanangu, ila si wewe uliyenichosha.

Sasa usizifunge hizo nyuzi. Ni za chuma, na gitaa lako ni la nyuzi za nailoni. Za chuma huvuta kwa nguvu zaidi, zitaking'oa kile kibao cha mbele ya gitaa ambapo nyuzi hufungiwa. Huyo wa mtandaoni hana kosa, hajawahi kuliona gitaa lako. Ziache kwenye boksi, tutaomba watubadilishie.

Ukitoka shule, pitia dukani na gitaa lako, tulifunge nyuzi mpya kabla ya onyesho lako la jioni. Na hata siku usiyohitaji kitu, njoo tu ukae. Kuna siku nafunga duka jioni sijaongea na mtu.

Baba