Kibaraza Kipya cha Baba Imelda

Baba Imelda,

Maharage yapo jikoni, yapashe moto mwenyewe.

Hongera kwa kibaraza chako. Vigae vya Dubai vinang'aa, maua ya plastiki hayaombi maji, na benchi letu umelitupa uani eti linaonyesha ushamba. Basi asubuhi mama yako amefika kutoka Peramiho na kikapu cha mihogo. Alipoviona vigae akavua viatu, akarudi nyuma, akakaa kwenye tofali nje, mvua inamnyeshea. Nilipotoka kufagia nikamkuta kanga imelowa chapachapa.

“Mama, mbona huingii?”

“Nilidhani mmehama, mwanangu. Nikasema hapa wamehamia wakubwa.”

Nilimshika mkono, akakataa kukanyaga. Nampeleka kwa dada yako, kule Mfaranyaki, akaote moto.

~~Usitufuate.~~ Njoo jioni umchukue, wewe mwenyewe, usimtume Imelda. Kabla ya hapo rudisha benchi mlangoni.

Nimemuuliza kama amekasirika. Amesema hapana, anamshukuru Mungu mwanawe amekuwa mtu mkubwa. Mkubwa gani huyo, anayeogopwa na mama yake mzazi?

Mama Imelda