Kengele ya rada imezimwa

Shoga, sikia ya leo.

Nikiwa zamu pale mnara wa kuongozea ndege, nimeziweka ndege mbili kimo kimoja, zinatazamana. Kimo KIMOJA! Zimepona kwa sababu rubani mmoja alimwona mwenzake akakwepa.

Na kengele ya rada, ile ya kutuonya ndege zikikaribiana, kimya! Kumbe mkuu wa zamu aliizima, eti inatupigia kelele.

Nikamwambia naandika ripoti. Akacheka. "Mwanangu, kuna aliyekufa? Sasa unaripoti nini?"

Unaripoti nini!! Yule aliyeripoti mwaka jana si yuko stoo anapanga matairi?

Jirani yangu wa mezani akaninong'oneza, "Pole, dada. Mimi ilikuwa wiki iliyopita."

WIKI ILIYOPITA. Na hakusema!

Mimi pia sijaandika. Nina watoto, shoga.

Mama yako anasafiri kesho, sivyo? Mwambie apande basi.