Jasi Iliyoganda Kwenye Sinia

Jumamosi, Novemba 1956. Kambini, mbugani nyuma ya Garsen.

Jua limetoka tangu asubuhi na halijajificha. Nguo zimekauka, magodoro yamekauka, na mimi nimekaa nje ya hema nimenyoosha miguu kama mtu asiye na kazi. Naona raha. Acha niliseme hivyo hivyo, maana jana wakati kama huu nilikuwa natafuta pa kulilia.

Jilo hafukuzwi.

Nimeandika maneno hayo peke yake ili niyatazame vizuri.

Wiki nzima sikugusa daftari hili, sikuwa na moyo. Basi nianze mwanzo, nijisomee siku nyingine nikiwa nimesahau.

Kambi hii imekuja kutafuta jasi, lile jiwe jeupe linalosagwa kutengenezea saruji na plasta. Mume wangu Jilo ndiye nyapara wa wachimbaji. Shimo likishachimbwa, hamtumi mtu. Anashuka mwenyewe na sururu ndogo, anachonga mfereji ukutani kutoka juu hadi chini, na kila kinachoanguka kinakingwa kwa turubai. Hachagui jiwe zuri wala haachi udongo. Wakishaliponda lile lundo na kulichanganya, wanalikata mafungu manne kama mkate. Mafungu mawili yanayotazamana yanatiwa kwenye gunia la akiba, na mawili yanaletwa kwetu, kwangu mimi na Shangazi Eliza, shangazi yake Jilo. Sisi ndio wa kukausha, kusaga na kuchekecha. Vibandiko naandika mimi, kwa sababu walimu wa misheni kule kwetu Ngao walinichapa mpaka mwandiko ukanyooka.

Kutoka kwetu unga unakwenda kwa Bwana Kanji, Mhindi wa maabara. Yeye anaupima kwenye mizani, anauchoma kwenye tanuri yake ndogo, anaupima tena. Jasi ina maji yaliyojificha ndani ya jiwe lenyewe, nayo hayatoki kwa jua, yanatoka kwa moto. Jiwe safi likichomwa linapungua uzito sana. Lililojaa udongo linapungua kidogo. Hapo ndipo wanapojua shimo gani ni zuri na lipi la kufukia.

Kiangazi chote mashimo ya Jilo yalikuwa mazuri. Mvua ilipoanza, Mhandisi akaagiza machache yarudiwe, apate uhakika. Yakarudiwa. Yakatoka mabaya. Shimo lile lile na ukuta ule ule, lakini sasa Bwana Kanji anasema ni udongo mtupu.

Mhandisi ni Mzungu mrefu asiyependa maneno mengi. Jumatatu alimsimamisha Jilo mbele ya wachimbaji wote, akamwambia mvua imemfanya mvivu, hashuki tena shimoni, anazoa tope la juu na kujaza mfuko. Akasema barabara ikipitika, lori la kwenda Garsen litaondoka naye.

Jilo alijibu maneno mawili tu. "Bwana, nimeshuka."

Na kweli angerudije Ngao? Mtu akifukuzwa kazi kwa ugonjwa watu humpa pole. Akifukuzwa kwa uongo, hata mtoto wa jirani ukimtuma dukani anakuuliza kwanza kama umesema kweli. Jilo ni mtu wa heshima zake. Hapendi kuonekana amechafuka hata kwa matope, ndiyo maana kila jioni anaoga kabla ya kumsalimia mtu.

Sasa nije kwenye langu.

Jumatatu hiyo hiyo, tunakula, nilimwuliza. Nilipunguza sauti, nikajifanya mpole. "Niambie mimi tu, Jilo. Ulichanganya?" Aliacha ugali mkononi ukapoa. Akanawa, akatoka. Tangu hapo amekuwa akisema nami habari za maji na kuni, kwa adabu, kama anavyosema na karani.

Shangazi Eliza aliona. Shangazi haoni vibaya, anajifanya tu. "Umemfanya nini mwanangu?" akaniuliza. Nikamwambia ni uchovu. Akasema uchovu wa mtu mmoja haununishi hema mbili.

Jana, Ijumaa, mvua ilikuwa inanyesha bado. Jiwe lilikuwa limelowa na Bwana Kanji anataka unga wake mkavu. Tulifanya kama tulivyokuwa tukifanya tangu mvua ianze. Kwetu mto ukijaa na mvua ikakuta mpunga haujakauka, huwezi kungoja jua mpaka uote; unautandaza juu ya moto, unaugeuza geuza, unakauka. Sisi tuliweka bati juu ya mafiga, tukachochea kuni, tukageuza jiwe la Mzungu kama mpunga wa mama. Shangazi alijivunia sana. Alisema unga unatoka laini, mweupe, haushiki mkono.

Huo unga alikuwa ameuweka kwenye sinia lake, lile alilopewa siku ya harusi, upoe. Hema inavuja. Maji yakaingia kwenye sinia bila sisi kuona, tukawa tunamenya viazi. Tulipogeuka, unga umekuwa jiwe. Si tope, jiwe. Shangazi aligonga kwa mwiko, mwiko ukavunjika. Akasema yeye ni mtu wa kanisani na hataki kukaa na kitu chenye shetani, na nani atamlipa sinia lake.

Mimi nilikuwa nimesimama na lile sinia nalitazama. Unga wa kiangazi ulinyeshewa mara ngapi? Mara moja manyunyu yalitukuta umeanikwa kwenye turubai, ukawa tope tu, tukauanika upya. Huu umeganda. Kwa hiyo huu si ule. Jiwe ni lile lile, mchimbaji ni yule yule. Kilichobadilika ni moto wetu.

Nisiwe mwongo kwenye daftari langu mwenyewe. Sikukimbia kwenda kusema. Nilikaa kwanza. Niliwaza kwamba lori lina nafasi ya watu wengi, na kama si Jilo basi ni mimi na Shangazi. Niliwaza hata kulitupa lile sinia mtoni. Ndipo nikamwona Jilo anapita na gunia begani, hakugeuza uso, nikaona heri lori.

Bwana Kanji alilichukua sinia, akalipindua, akaligonga kwa ukucha.

"Nani napika hii?"

"Sisi, bwana."

"Kwa moto?"

"Kwa moto. Jua liko wapi?"

Alikaa juu ya kasha, akashika kichwa. "Mama, mimi nasema kausha. Mimi hapana sema pika." Halafu akaanza kucheka, cheko la mtu aliyechoka, akajipiga paja. Akanieleza taratibu. Maji yale ya ndani, anayoyatafuta yeye kwa tanuri, sisi tulikuwa tumeshayafukuza kwenye bati. Unga unafika kwake umeshapungua, anauchoma, haupungui tena, anaandika udongo. Na jasi iliyopikwa ikipata maji inaganda, ndiyo plasta yenyewe. Alisema alipaswa kuja kutazama tunavyokausha, hakuja kwa sababu ya matope. Nilimpenda kwa kusema hivyo.

Leo asubuhi, jua lilipotoka tu, tulifungua magunia ya akiba, yale mafungu mawili ambayo hayakuguswa na moto. Tukayatandaza nje membamba. Sijawahi kulinda mpunga nikakazana namna hiyo. Walipita ng'ombe wa Waorma wakienda malishoni, mmoja akaja kunusa kona ya turubai, nikamfukuza kwa kanga mpaka mchungaji akaniuliza kama hapa tumeanika dhahabu.

Baada ya adhuhuri Bwana Kanji alichoma. Mimi na Shangazi tulisimama mlangoni. Nilikuwa namtazama mgongo tu, maana mizani siwezi kuisoma kwa mbali. Akapima, akachoma kingine, akapima. Akageuka. "Kama kiangazi," akasema. "Sawasawa kama kiangazi."

Shangazi alinishika kiuno tukacheka kama wendawazimu, wala hatukujua tunacheka nini.

Mhandisi alikwenda mwenyewe kwenye mashimo akawaambia watu kwamba mifuko ilikuwa sahihi na nyapara anabaki. Kisha akafungua ramani yake. Samahani hakusema. Shangazi ananiuliza mpaka sasa kama kwao neno hilo linauzwa ghali.

Jilo alirudi mapema. Akaoga kama kawaida yake, akaja kukaa karibu yangu.

"Mzungu amesema yake," akaniambia.

Nikamwambia, "Nilikukosea, Jilo. Nisamehe."

Akasema, "Ungeniuliza nimeshuka vipi, ningekueleza mpaka kuche. Uliniuliza kama mimi ni mwongo."

Akainuka akaenda jikoni, nami nikachukua daftari hili kwa sababu mikono haikujua ifanye nini.

Raha ninayo, sikatai. Lakini kuna kitu kinanichoma. Mhandisi hamjui Jilo, ndiyo maana alingoja mizani. Mimi ninamjua tangu tukiwa watoto Ngao, nimekula naye, nimelala naye, na mimi pia nilingoja mizani. Siku nyingine watu wakimsema, nitasimama wapi?

Ananiita. Kwa jina langu, si "wewe" ya wiki nzima. Miriamu, anasema, njoo, chai inapoa.

Naenda.